Tisa sio sifuri: namna madaktari wanavyopanga vyanzo vya kiharusi

Karatasi ya ruhusa ya baba mdogo bado ninayo, imekunjwa mara nne na ina doa la chai pembeni. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu, CVA ya damu kuganda, halafu mstari wa chini yake, chanzo hakijulikani. Mama mdogo ndo alinipa pale mlangoni, hata viatu sijavua, akaniuliza mwanangu we ndo umesoma haya mambo, hapa wameandika nini? Nikamwambia wameandika kiharusi ila chanzo chake hakijulikani. Akanyamaza kidogo, akasema basi ni Mungu.

Mi nafanya kazi wodi ya wagonjwa wa ndani na maneno kama hayo nimeyaandika mwenyewe mara nyingi, lakini siku ile yaliniuma maana nilijua ambacho hakikuandikwa. ECG, kile kipimo cha mapigo ya moyo, hakupigwa, karatasi za mashine zilikuwa zimeisha wiki ile. Ultrasaundi ya mishipa ya shingo hakuna aliyeiomba, eko, yaani ultrasaundi ya moyo, aliambiwa foleni ni ya miezi. Kilichofanyika ni CT scan ya kichwa, basi. Sasa mtu aliyepimwa kila kitu kisionekane kitu, na mtu ambaye hakupimwa kabisa, wote tunawaandikia neno moja, hakijulikani, wanaenda nyumbani na aspirini. Ndo maana nimekaa kuandika haya, kwa sababu huko duniani watu wamebishana zaidi ya miaka 30 namna ya kupanga vyanzo vya kiharusi, na ukiangalia vizuri sehemu kubwa ya ubishi wenyewe ni hapohapo, kwenye hicho kisanduku cha kutojua.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Kiharusi kiko cha mshipa kupasuka na damu kumwagika kwenye ubongo, na kiko cha mshipa kuziba, sehemu ya ubongo ikakosa damu ikafa. Hapa naongelea cha kuziba tu. Na mshipa hauzibi wenyewe, kuna kitu kimeuziba, na hicho kitu kinatofautiana. Inaweza kuwa donge la damu limejitengeneza ndani ya moyo unaopapatika, yaani mapigo yake hayana mpangilio, likapanda juu na mkondo wa damu. Inaweza kuwa utando wa mafuta uliojijenga miaka na miaka kwenye mshipa mkubwa wa shingo, karotidi, ukabanduka kipande. Inaweza kuwa vile vimishipa vyembamba kama uzi vinavyoingia ndani kabisa ya ubongo, vimekuwa vigumu na kuta zake zimenenepa mpaka njia imejifunga. Halafu kuna vitu adimu kidogo, kuta za mshipa kuchanika, selimundu, maambukizi, magonjwa ya damu.

Watu huwa wananiuliza sasa presha iko wapi hapo? Kila mtu mtaani anajua kiharusi ni presha, na hawajakosea. Ila presha haina kisanduku chake kwenye mfumo wowote kati ya hii nitakayoieleza, kwa sababu inafanya kazi nyuma ya visanduku vyote, inaharibu vile vimishipa vyembamba, inaharakisha utando kwenye mishipa mikubwa, na inautanua moyo mpaka unaanza kupapatika. Kwa hiyo kusema kiharusi chake ni cha presha ni kweli, lakini hujasema njia iliyopita, na dawa inafuata njia.

Hapo kwenye dawa ndo penye uzito. Mtu mwenye mpapatiko wa moyo aliyekwishapata kiharusi au dalili zake, utafiti wa Ulaya wa 1993 ulionyesha dawa za kuzuia damu kuganda zinashusha hatari ya kiharusi kingine toka kama watu 12 kwa kila 100 kwa mwaka mpaka 4. Aspirini haifiki hapo hata karibu. Mwenye karotidi iliyobana asilimia 70 mpaka 99 upande uleule wa ubongo uliopata kiharusi, utafiti wa Amerika Kaskazini wa 1991 ulionyesha akisafishwa mshipa kwa upasuaji, hatari ya kiharusi upande huo ndani ya miaka miwili inashuka toka 26 kwa 100 mpaka 9. Halafu angalia hii, mshipa uliobana ukiwa ndani ya fuvu lenyewe, wakajaribu warfarini, moja ya hizo dawa za kuzuia damu kuganda, dhidi ya aspirini, matokeo yakatoka 2005, jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake maana waliokuwa kwenye warfarini walivuja damu zaidi na walikufa zaidi bila faida ya ziada. Yaani dawa ileile inayomwokoa mwenye mpapatiko inamuumiza mwenye mshipa uliobana ndani ya kichwa. Na wenye vile vimishipa vyembamba, walipopewa aspirini pamoja na klopidogreli, dawa inayofanya kazi karibu na ya aspirini, kwa muda mrefu, 2012 ikaonekana hawakupata nafuu ya maana na vifo viliongezeka. Ukikosea kisanduku unakosea dawa.

Kabla ya kuingia kwenye mifumo yenyewe nitoe moja inayochanganya watu, hasa wanafunzi. Kuna ule mgawanyo wa Oxfordshire, wa Bamford na wenzake, 1991, wenye TACI, PACI, LACI na POCI. Huu haupangi vyanzo, unapanga mahali. Unamwangalia mgonjwa kitandani, mkono umepooza, mguu umepooza, anaongea au haongei, anaona pande zote au haoni, unasema eneo la ubongo lililokufa ni kubwa la mbele, ni sehemu tu ya mbele, ni dogo la ndani, au ni la nyuma. Ni mzuri sana kwa kutabiri, wale wenye eneo kubwa la mbele karibu 60 kwa 100 walikuwa wamefariki ndani ya mwaka, wale wa eneo dogo la ndani ni kama 11. Na unahitaji macho yako na nyundo ya kupimia tu, kwa hiyo kwetu unafaa mno. Lakini usije ukaandika LACI ukadhani umeshataja chanzo. Eneo dogo la ndani mara nyingi ni vimishipa vyembamba, ila moyo nao unaweza kurusha donge dogo la damu likaangukia hapohapo.

Sasa TOAST. Huu ndo mfumo mkubwa, ukifungua makala yoyote ya kiharusi unakutana nao. Na asili yake wengi hawaijui: haukutengenezwa kwa ajili ya wodini. Kulikuwa na jaribio la dawa Marekani, dawa inaitwa Org 10172, jamii ya heparini, nayo ni ya kuzuia damu kuganda, wakataka kujua kama inasaidia aina fulani ya kiharusi kuliko nyingine, ikabidi watengeneze visanduku. Harold Adams na wenzake wakavichapisha 1993. Jaribio lenyewe likaja kutoa matokeo 1998, wagonjwa 1,281, na dawa kwa ujumla haikusaidia. Dawa ikasahaulika, visanduku vikabaki mpaka leo.

Visanduku viko vitano. Mishipa mikubwa, unahitaji mshipa uliobana zaidi ya asilimia 50 unaolisha eneo lililokufa. Moyo, unahitaji chanzo kwenye moyo, na wakavigawa vyanzo hivyo kuwa vya hatari kubwa kama mpapatiko au vali ya bandia ya chuma, na vya hatari ya wastani. Vimishipa vyembamba, unahitaji dalili za kipande kidogo cha ndani na kidonda, yaani ile sehemu ya ubongo iliyokufa, kisichofika sentimita 1.5. Sababu nyingine iliyothibitika. Na cha tano, kisichojulikana.

Ni mfumo mwepesi, unaweza kuufundisha kwa nusu saa na ukatumika Iowa na ukatumika Mwanza. Huo ndo uzuri wake na siudharau. Shida iko kwenye hicho cha tano. Ukisoma sheria zake unakuta kisichojulikana kina vyumba vitatu ndani yake: aliyepimwa vizuri kisionekane kitu, ambaye vipimo havikukamilika, na, hili linashangaza wengi, ambaye amekutwa na vyanzo viwili au zaidi. Fikiria mtu ana mpapatiko wa moyo na karotidi imebana asilimia 60 upande uleule wa kiharusi. Tunajua mambo mengi sana juu yake, pengine kuliko mgonjwa yeyote wodini, ila kwa TOAST ni hakijulikani. Na waandishi wa tafiti na sisi wa wodini tukishafika kwenye jumla tunaviunganisha vyumba vyote vitatu kuwa namba moja. Kwenye ile benki ya takwimu za kiharusi ya Marekani miaka ya 80, kabla hata ya TOAST, walikuwa wameshaona chanzo hakijulikani kwa wagonjwa 40 katika kila 100. Nani alikosa kipimo na nani alikosa jibu, huwezi kujua kwa kuangalia hiyo 40.

Shida ya pili ni kwamba madaktari wawili wakisoma faili moja wanaweza kutofautiana, maana sheria zinaacha nafasi kubwa ya hisia ya mtu.

Hapo ndo akaingia Hakan Ay na wenzake wa Boston. 2005 wakatoa marekebisho ya TOAST, 2007 wakayaweka kwenye kompyuta yakaitwa CCS. Unajaza majibu ya vipimo kimoja kimoja, programu inakupa kisanduku pamoja na uzito wa uhakika: bayana, yawezekana sana, yawezekana. Kitu kizuri walichofanya ni kukataa kumtupa mgonjwa mwenye vyanzo viwili. Wanauliza, je kuna alama inayoelekeza upande mmoja? Turudi kwa yule wa mpapatiko na karotidi. Picha ya ubongo ya MRI ikionyesha vidonda vibichi kulia na kushoto kwa wakati mmoja, karotidi ya upande mmoja peke yake haiwezi kurusha madonge pande zote mbili, kwa hiyo anahesabiwa wa moyo, yawezekana sana. Lakini kama ndani ya mwezi huo alikuwa na vijiharusi vya kupita, mkono unakufa ganzi dakika kumi unarudi, mara kwa mara mkono uleule, basi karotidi ndo inashukiwa zaidi. Hii ndo akili ambayo daktari mzuri anaitumia kichwani, wao wakaiandika iwe sheria, na makubaliano kati ya wasomaji yakapanda sana.

Ila CCS inapenda vipimo. Usipojaza inakurudishia kwamba uchunguzi haujakamilika, na hapo angalau inasema ukweli.

Wafaransa na wenzao wakaenda njia tofauti kabisa na kwa maoni yangu ndo njia yenye heshima zaidi kwa mgonjwa. Pierre Amarenco akiwa na Bogousslavsky, Caplan, Donnan na Hennerici walitoa ASCO 2009, halafu 2013 wakaongeza D ikawa ASCOD. A ni utando wa mafuta kwenye mishipa, S ni vimishipa vyembamba, C ni moyo, O ni sababu nyingine, D ni mshipa kuchanika kuta. Hakuna kuchagua kisanduku. Kila mgonjwa anapewa herufi zote tano na kila herufi inapewa namba: 1 maana yake ugonjwa upo na unaweza kuwa ndo chanzo, 2 upo ila uhusiano hauna uhakika, 3 upo ila si rahisi kuwa ndo uliosababisha, 0 tumetafuta na haupo. Halafu kuna 9. Tisa maana yake hatukupima vya kutosha kusema lolote.

Yule wetu wa vyanzo viwili anakuwa A1 na C1, vyote vimeandikwa, hakuna kilichofichwa, na daktari wa kliniki miezi sita baadaye akisoma anajua kuna kazi mbili, dawa ya kuzuia damu kuganda na suala la mshipa wa shingo la kujadili na madaktari wa upasuaji. Hata ile 3 ina maana yake, mtu mwenye C1 na A3 kiharusi chake ni cha moyo lakini mishipa yake imeshaanza kuharibika, kwa hiyo kolestro lake lisiachwe.

Watu wanaulalamikia kwamba una michanganyiko mingi mno, ni kweli, ukitaka kufanya utafiti wa wagonjwa 200 huwezi kuwa na makundi mamia. Kwa takwimu TOAST ni rahisi zaidi. Lakini nikiwa na mgonjwa mmoja mbele yangu sihitaji takwimu, nahitaji kukumbuka nini sijafanya. Na hiyo 9 ndo inanikumbusha. Ukiandika hakijulikani unafunga faili. Ukiandika C9 anayesoma baada yako anajua moyo haujaangaliwa, anaomba ECG.

Wachina nao walikuwa na hoja yao na ni ya haki. Kwao mishipa inayobana ndani ya fuvu ni tatizo kubwa, na ni tatizo kwa watu weusi pia zaidi kuliko wazungu, wakati TOAST ilitungwa kwa jicho la shingo na moyo. Fikiria utando wa mafuta umekaa kwenye mshipa mkubwa ndani ya kichwa, haujabana hata nusu, ila umefunika mdomo wa kimshipa chembamba kinachochipuka hapo. Kidonda kitakuwa kidogo, cha ndani, TOAST itasema vimishipa vyembamba. CISS, mfumo wa Gao na Wang na wenzao wa 2011, inasema hapana, chanzo ni mshipa mama. Halafu inaenda hatua ya pili, inauliza kilitokeaje: utando ulifunika mdomo, au kipande kilibanduka kikasafiri mbele, au damu ilikuwa inapita kidogo tu, au vyote kwa pamoja. Kutenganisha ugonjwa na namna ulivyofanya kazi ni wazo zuri sana, ila linataka picha za mishipa ya ndani, na huko kwetu ni rufaa na hela.

2014 likaja jina jingine, ESUS, ambalo linahusu hicho kisanduku cha tano tu. Wakasema tuwatoe wale waliopimwa kweli: picha ya ubongo ionyeshe si kale kakidonda kadogo ka ndani, mishipa ya ndani na nje ya fuvu imepigwa picha na haijabana nusu, eko imefanyika, mapigo ya moyo yamerekodiwa saa 24 au zaidi, hakuna kitu. Hao tuwaite kiharusi cha donge lisilojulikana limetoka wapi. Matumaini yalikuwa kwamba wengi wana mpapatiko uliojificha, basi tuwape dawa za kuzuia kuganda wote. Rivaroksabani ikajaribiwa kwa watu 7,213, matokeo 2018, viharusi havikupungua, kuvuja damu kukaongezeka. Dabigatrani 2019, haikuishinda aspirini. Kumbe ndani ya jina moja bado kulikuwa na watu wa aina nyingi. Na mpapatiko uliojificha upo kweli, utafiti wa 2014 wa kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua uliukuta kwa karibu 9 kati ya 100 ndani ya miezi sita, wakati ufuatiliaji wa kawaida ulikuta kwa 1 na kidogo. Ila hao 9 ukiwachanganya na 91 wasio nao unawapa wote hatari kwa faida ya wachache.

Sasa nirudi nyumbani. Utafiti wa kuhesabu viharusi Tanzania, 2003 mpaka 2006, ulikuta wapya kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 316 kwa sehemu ya Dar es Salaam waliyoifuatilia, baada ya kusawazisha umri. Ni mzigo mkubwa, na kwetu visanduku vina vitu ambavyo vitabu vya nje vinavipitia juujuu. Kisanduku cha moyo kwa mzee wa Ulaya ni mpapatiko wa uzee. Kwa dada wa miaka 30 hapa kinaweza kuwa vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya moyo toka utotoni, na hapo hata aina ya dawa inabadilika, jaribio la 2022 lililofanywa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini lilionyesha wagonjwa wa vali hizo wenye mpapatiko walifanya vizuri zaidi na dawa za jamii ya warfarini kuliko rivaroksabani. Kwa hiyo kuandika moyo peke yake hakutoshi, andika vali. Na kile kisanduku cha nne, sababu nyingine, ambacho kwa wengine ni cha makorokoro, kwetu ndani yake kuna watoto wa selimundu, na tangu 1998 inajulikana kwamba mtoto wa selimundu ambaye damu inakimbia kasi kupita kiasi kwenye mishipa ya kichwa, akiongezewa damu kwa mpangilio, hatari ya kiharusi inashuka kwa asilimia 92.

Mi sisemi kila hospitali ya wilaya ianze kuandika ASCOD kamili. TOAST kwa ripoti inatosha. Ila kwenye karatasi ya ruhusa weka ile tisa. Andika ECG haijafanyika, shingo haijaangaliwa. Haichukui hata mstari mmoja.

Baba mdogo nilimpeleka mwenyewe kupigwa ECG wiki mbili baadaye, sehemu nyingine. Yule kijana wa mashine alivuta karatasi, nikaona mistari kabla hajanipa, nafasi kati ya mapigo hakuna iliyolingana na mwenzake, mpapatiko. Ilivyoendelea mwezi ule tukapata eko, vali ziko salama, na ultrasaundi ya shingo, utando kidogo upande ambao haukuhusika na kiharusi. Nikaigeuza ile karatasi yenye doa la chai nikaandika nyuma, A ilikuwa 9 sasa 3, C ilikuwa 9 sasa 1, na jina la dawa mpya aliyoanzishiwa. Mama mdogo anaiweka kwenye mkoba mmoja na kadi ya kliniki, na wakifika kwa daktari anaitoa yeye kwanza, imegeuzwa upande wa nyuma.